Kinga Isiyo na Kigezo

Neno kinga ni la zamani katika Kiswahili, na kazi yake ya kwanza haikuwa ya hospitali. Mtu hukinga maji ya mvua kwa mtungi, hukinga jua kwa kiganja cha mkono, na hukinga pigo kwa ngao. Katika matumizi yote hayo liko jambo moja lisilobadilika: mwenye kukinga anajua kitu kinakotokea. Anayetaka maji ya mvua hutega mtungi chini ya mchirizi wa paa, hautegi popote uani. Madaktari walipolichukua neno hili wakaupa jina hilo uwezo wa mwili wa kushindana na maradhi, walichagua vema, kwa kuwa mwili nao hauwezi kumzuia adui usiyemjua. Chanjo, ambayo jina lake limetokana na kuchanja, yaani kutia chale katika ngozi, ni njia ya kuujulisha mwili sura ya adui kabla yeye mwenyewe hajafika.

Elimu hii haikuanza katika maabara. Ilianza kwa macho. Popote ndui ilipopita, watu waliona kwamba aliyeugua akapona, akabaki na makovu usoni, haugui tena, na kwa sababu hiyo aliweza kukaa na mgonjwa na kumwuguza bila ya hofu. Mwaka wa 1796 Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, na kazi yake yote ilikuwa ni kuuiga uponaji ambao watu walikuwa wakiuona siku zote. Mtu wa mwisho kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merca, katika pwani ya Somalia, mwaka wa 1977. Na mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo umekwisha. Surua, homa ya manjano na polio zilifuata njia ileile. Katika kila ugonjwa wa namna hiyo walikuwapo walioambukizwa wakapona, na damu yao ilikuwa kigezo. Mtengenezaji wa chanjo hakuwa na haja ya kubuni kinga. Alihitaji kuinakili tu.

Tarehe 23 Aprili, 1984, Margaret Heckler, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Marekani, alisimama mbele ya waandishi wa magazeti mjini Washington akatangaza kuwa kirusi kinacholeta ukimwi kimejulikana, na kwamba chanjo ilitumainiwa kuwa tayari kwa kujaribiwa baada ya miaka miwili hivi. Kirusi hicho kilikuwa kimekwisha kupatikana Paris mwaka mmoja kabla, katika Taasisi ya Pasteur, na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walitunukiwa kwa ugunduzi huo Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008. Katika mwaka uleule wa 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ambako watu, kwa kukosa jina la maradhi yale, waliyaita Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikipitishwa mpakani na wachuuzi.

Ni rahisi leo kumcheka waziri huyo. Haifai kumcheka. Alisema walivyotumaini watu wengi wenye elimu, na matumaini yao yalikuwa na msingi: kila adui aliyekuwa amejulikana kwa sura kama hiyo alikuwa amepatiwa chanjo, au ilitazamiwa kuwa atapatiwa. Kosa lilikuwa katika kudhani kuwa kigezo kipo. Mwaka wa 1984 hakujulikana mtu hata mmoja aliyeambukizwa kirusi hiki kisha mwili wake ukakifukuza chote akabaki salama. Hata sasa, baada ya makumi ya mamilioni ya watu kuambukizwa, wale ambao miili yao yenyewe inadhaniwa kukimaliza bila ya dawa ni wa kuhesabiwa kwa vidole. Tena katika ugonjwa huu dalili za kinga zimegeuka maana. Katika surua, kingamwili zikionekana katika damu ya mtu ni habari njema kwamba amekwisha kuokoka. Katika ukimwi, kingamwili hizo ndizo ambazo kipimo cha kawaida huzitafuta ili kumwambia mtu kwamba ameambukizwa. Zipo, zinapigana, na hazitoshi.

Sababu ya kutotosha kwake ni ndefu, lakini msomaji akivumilia ataona kuwa si ya kiini macho. Kirusi hiki ni kitu duni kabisa kwa mali: kina jeni tisa tu, ambapo mwanadamu ana jeni zipatazo elfu ishirini. Hakina uwezo wa kuzaana mpaka kiingie ndani ya seli, na seli kinayoichagua ni ileile inayotoa amri kwa jeshi zima la kinga. Kikiisha kuingia hujiandika katika vinasaba vya seli hiyo, kikawa sehemu ya urithi wake, na seli hiyo yaweza kukaa kimya miaka mingi bila ya kuonyesha alama yoyote. Hapa chanjo ya ukimwi inatengana na nyingi za zamani. Baadhi ya chanjo huyaacha maambukizo yaingie kidogo, kisha mwili ukayazima kabla mtu hajaugua. Kwa kirusi hiki kuingia kidogo ni kuingia moja kwa moja, kwa kuwa katika muda wa siku chache tu huwa kimekwisha kujiandika mahali ambapo kingamwili hazifiki. Basi chanjo inatakiwa kuwa imekwisha kukaa mlangoni kabla mgeni hajabisha hodi, tena isikosee hata mara moja.

Jambo la pili ni unakili wake. Mtu aliyewahi kuzilinganisha nakala za utenzi mmoja zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, moja ya Lamu, nyingine ya Pate, nyingine iliyokutwa Mombasa, ataielewa hali hii upesi kuliko mtu mwingine. Mnakili mmoja huacha ubeti, wa pili hubadili neno la lahaja ya kaskazini akaweka la kwao, wa tatu hukosea nukta. Na baada ya vizazi kadhaa mhariri anakaa mezani na nakala sita, zote za utenzi mmoja, wala hakuna mbili zilizo sawa. Kirusi hiki ni mnakili mzembe kuliko wote hao. Kimeng'enya kinachonakili jeni zake hakina desturi ya kurudia kusoma kilichoandika. Katika mwili wa mtu asiyetumia dawa vinaweza kuzaliwa virusi vipatavyo bilioni kumi kwa siku moja, na makosa ya unakili ni mengi kadiri hiyo. Nakala nyingi zilizokosewa hufa. Lakini ile ambayo kosa lake limeibadili sura hata kingamwili za jana zisiitambue ndiyo inayoishi na kuzaa. Kwa hiyo kinga ya mgonjwa huwa daima inamtafuta mtu kwa nguo aliyoivaa juzi.

Makosa hayo yamejikusanya yakafanya matawi. Katika Afrika Mashariki yametawala matawi ya A na D, na C pia. Kusini mwa Afrika ni C. Ulaya na Marekani ni B. Thailand lina lake. Protini ya nje ya kirusi, ambayo ndiyo kinga inayoiona, yaweza kuhitilafiana kwa kiasi cha theluthi baina ya tawi moja na jingine. Mhariri wa tenzi hutafuta mistari ambayo wanakili wote wameiacha kama ilivyo, na wataalamu wa chanjo wamefanya vivyo hivyo: wametafuta mahali ambapo kirusi hakithubutu kupabadili kwa sababu kikipabadili hakitaweza kuingia katika seli. Mahali hapo papo. Taabu ni kwamba pamefichwa. Kila kirusi kina miiba kumi na minne hivi juu ya ngozi yake, ambapo kirusi cha mafua kina mamia. Na mwiba huo umevikwa sukari nyingi hata karibu nusu ya uzito wa sehemu yake ya nje ni sukari, iliyotengenezwa na seli za mgonjwa mwenyewe. Mwili ukiutazama mwiba huo huona mali yake. Pahali pale pasipobadilika pamo ndani, katika shimo jembamba, pamezungukwa na sukari hizo.

Njia ya wazee, ya kukidhoofisha kirusi kizima na kukitia mwilini, ilijaribiwa kwa kima. Kima wakubwa walikingika, hata wataalamu wakaanza kufurahi. Lakini mwaka wa 1995 ilitangazwa kwamba kima wachanga waliopewa kirusi kilekile kilichodhoofishwa waliugua. Njia hiyo ikafungwa kwa wanadamu.

Zikabaki njia za kubuni, na kila moja ilipaswa kupimwa kwa watu wa hiari wenye afya, ambao baadhi yao hupewa chanjo na wengine maji yasiyo na dawa, wala wenyewe hawaambiwi nani amepata nini. Jaribio la kwanza kubwa lilitumia kipande cha protini ya nje peke yake. Mwaka wa 2003 matokeo yake yalitoka, kwanza kwa watu zaidi ya elfu tano wa Amerika ya Kaskazini na Uholanzi, kisha kwa wapatao 2,500 wa Bangkok. Hayakukinga kitu.

Jaribio lililofuata lastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu lilidhuru. Wataalamu waliacha kutafuta kingamwili wakazitazama seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa. Jeni za kirusi zilipandishwa juu ya adenovirusi, yaani kirusi cha mafua ya kawaida kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, ili kizibebe mpaka ndani ya mwili. Watu 3,000 wa hiari walichomwa sindano. Mwezi wa Septemba, mwaka wa 2007, jaribio lilisimamishwa kwa kuwa chanjo haikukinga. Na hesabu ilipochunguzwa ilionekana kuwa katika wanaume ambao hawakutahiriwa, na ambao miili yao ilikwisha kuijua adenovirusi ile kwa mafua ya zamani, waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko wasiochanjwa. Jaribio jingine la chanjo ileile lilikuwa limekwisha kuanza Afrika Kusini, na watu 801 walikuwa wamejiandikisha. Likasimamishwa pia, na kila mmoja wao akaitwa akaambiwa waziwazi alichopewa. Yamkini katika historia yote ya kazi hii hapana saa iliyokuwa ngumu kuliko ile ya mwuguzi kumkabili kijana aliyejitolea kwa ajili ya wenzake na kumwambia kuwa sindano aliyoichoma huenda imemweka karibu zaidi na hatari. Waliositahi kusema hivyo wangeeleweka. Lakini walisema, na kwa sababu walisema majaribio mengine yaliweza kupata watu.

Kisha ikaja Thailand. Mwaka wa 2009 yalitangazwa matokeo ya watu zaidi ya 16,000 wa mikoa ya Rayong na Chon Buri. Waliopewa maji matupu waliambukizwa 74. Waliopewa chanjo waliambukizwa 51. Tofauti ni watu 23. Juu ya watu hao 23 ilijengwa elimu ya miaka zaidi ya kumi. Kinga ilikadiriwa kuwa asilimia 31, ambayo haitoshi kumpa mtu chanjo mkononi, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kitu chochote kuonekana. Chanjo ya namna ile ilirekebishwa kwa ajili ya tawi la C ikapelekwa Afrika Kusini mwaka wa 2016 kwa watu 5,407. Mwezi wa Februari, mwaka wa 2020, hesabu ilifunguliwa: waliochanjwa walioambukizwa 129, wasiochanjwa 123. Jaribio likafungwa.

Hata ile hila ya mhariri wa tenzi ilijaribiwa. Kwa msaada wa kompyuta ziliungwa protini kutokana na vipande vya matawi mbalimbali, mfano wa utenzi uliokusanywa kutoka katika nakala zote ambao hakuna mnakili hata mmoja aliyeuandika, ikatumainiwa kuwa mwili ukiufunzwa huo utaitambua kila nakala. Wanawake wapatao 2,600 wa nchi tano za kusini mwa Afrika walijitolea. Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2021, ilitangazwa kuwa kinga haikutosha. Jaribio la ndugu yake katika Amerika na Ulaya lilisimamishwa mwezi wa Januari, mwaka wa 2023.

Kigezo kilichokosekana kilidhaniwa kupatikana mara moja, na mahali penyewe palikuwa Nairobi. Majengo, katika Pumwani, ni mmoja wa mitaa ya zamani ya Waafrika wa mji ule, na Kiswahili kimesemwa humo tangu siku za kuundwa kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walifungua zahanati kwa ajili ya wanawake waliojipatia riziki kwa kuuza miili yao. Shabaha yao ilikuwa kuchunguza maradhi mengine ya zinaa. Damu ilipopimwa mwaka wa 1985, kiasi cha theluthi mbili walikutwa na kirusi. Waliobaki salama waliendelea kupatwa mmoja baada ya mmoja mwaka hata mwaka, isipokuwa wachache. Wachache hao walikuwa katika kazi ileile, katika vyumba vilevile, na wanaume walewale, na walikutana na kirusi mara zisizohesabika. Hawakuambukizwa. Katika damu yao zilikutwa seli za kinga zilizokijua kirusi, kana kwamba zimekwisha kupigana nacho zikashinda.

Msomaji atafahamu furaha ya wataalamu. Hapa walikuwapo watu waliofanana na wale wenye makovu ya ndui. Nairobi na Oxford wakashirikiana kutengeneza chanjo ya kuziamsha seli za namna hiyo, wakifuata tawi la A lililoenea Kenya, na mwaka wa 2001 sindano zilianza kutolewa Nairobi. Kabla ya hapo palizuka manung'uniko, kwa kuwa hati ya umiliki wa uvumbuzi iliandikwa Uingereza bila ya majina ya wenzao wa Nairobi, wakazungumza wakapatana. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Lakini lipo swali ambalo halikupewa nafasi katika mapatano yale, nalo ni haki ya wanawake wenyewe. Damu yao imesafiri ikafika Ulaya na Amerika, imesomwa na kuandikwa katika majarida makubwa, na wao walibaki Majengo wakifanya kazi ambayo mtafiti, akisema kweli, alihitaji waendelee kuifanya ili apate kujua kama kinga yao inadumu. Zahanati iliwapa matibabu, mipira ya kujikinga na nasaha, na haya si madogo; maisha mengi yaliokoka kwa hayo. Hata hivyo kule kuhitaji hakukukosa uchungu wake.

Uchungu huo ulidhihirika katika jambo ambalo halikutazamiwa. Baadhi ya wanawake waliokuwa wamekingika miaka mingi waliacha kazi kwa muda, kisha walipoirudia wakaambukizwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 2001. Ilionekana kuwa kinga yao haikuwa ngao iliyotundikwa ukutani ikingoje siku ya vita. Ilikuwa moto uliohitaji kuchochewa kila siku na kirusi chenyewe. Mwanamke aliyepumzika, ambaye yamkini alipumzika kwa sababu amepata mahali pengine pa kuegemea, alipoteza kinga kwa kule kupumzika. Nayo chanjo iliyoigwa kutokana na damu ya wenzake haikuamsha vya kutosha seli za watu waliojitolea, na ilipofika mwaka wa 2004 iliwekwa kando.

Dar es Salaam nayo iliingia katika kazi hii. Kuanzia mwaka wa 2007, katika Muhimbili, watu 60 wa hiari kutoka katika jeshi la polisi walichanjwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden. Jaribio lilikuwa dogo, la kupima usalama na mwitiko wa mwili, na miili iliitika vizuri. Baadaye Mbeya iliungana nao. Wanaosoma habari za chanjo katika magazeti huona hesabu tu, na hawaoni aliyokutana nayo askari yule nyumbani. Alicheka mwenzake wa lindo, akamwita kima wa maabara, mama mkwe aliuliza kwa nini mtu mzima asiye na ugonjwa aende kuchomwa sindano ya ukimwi, mchumba alinyamaza. Tena liko la zaidi. Kipimo cha kawaida, kama ilivyotajwa, hutafuta kingamwili, wala hakitafuti kirusi. Na aliyechanjwa ana kingamwili. Akienda kupimwa mahali pasipojua habari zake, kwa ajili ya ndoa, bima, au safari ya masomo, yaweza kuandikwa kuwa ameambukizwa hali ni mzima. Hupewa barua ya kueleza. Lakini barua ni karatasi, na uvumi hauna desturi ya kusoma karatasi.

Mwisho wa mwaka wa 2023 sindano za jaribio jingine, lililofanywa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban kwa watu 1,512, zilisimamishwa baada ya kamati ya uangalizi kuona kuwa hakuna tumaini la kukinga. Lilipofungwa hilo, hapakubaki duniani jaribio jingine kubwa la kupima kama chanjo inakinga.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuiona miaka hiyo arobaini kuwa ni mtungi mtupu. Katika baadhi ya watu walioambukizwa, baada ya miaka miwili mitatu au zaidi, mwili hufaulu kutengeneza kingamwili za namna ya pekee, zenye mikono mirefu ya kupenya katika ile sukari na kuligusa shimo lisilobadilika, au kuishika sukari yenyewe. Kingamwili hizo huvizuia virusi vya matawi mengi kwa pamoja. Mwaka wa 2009 zilitangazwa mbili zenye nguvu sana, zilizotoka katika damu ya Mwafrika mmoja, baada ya kuchunguzwa damu ya watu wapatao 1,800 wa nchi mbalimbali. Kwa mwenye damu hiyo zilikuja kwa kuchelewa, wakati kirusi kilikwisha kujiandika, hazikumponya. Swali likawa: je, zingekuwapo kabla? Watu wapatao 4,600, wakiwamo wanawake wa Kenya na Tanzania, walitiwa kingamwili moja ya namna hiyo kwa njia ya mshipa, na mwaka wa 2021 jibu lilipatikana. Kwa jumla haikuzuia maambukizo. Lakini dhidi ya virusi vile ambavyo kingamwili hiyo iliweza kuvitambua barabara, ilipunguza maambukizo kwa kiasi cha robo tatu. Maana yake mlango upo, na ufunguo mmoja hautoshi.

Iliyobaki ni kuufundisha mwili mzima kutengeneza kwa miezi kadhaa kile ambacho mwili wa mgonjwa hukitengeneza kwa miaka ya kufukuzana na adui. Seli zenye kipaji cha kuanza somo hilo ni adimu, yamkini moja katika laki tatu au nne za aina yake. Basi wataalamu wameiga desturi ya chuoni. Mtoto hapewi msahafu siku ya kwanza. Hufundishwa alifu, kisha herufi zikiungana, kisha juzuu. Sindano ya kwanza haifanani sana na kirusi. Kazi yake ni kuzitafuta seli zile adimu na kuziamsha. Ya pili na ya tatu huzisogeza hatua kwa hatua karibu na umbo lenyewe. Mwaka wa 2022 ilichapishwa habari kwamba katika watu 36 waliopewa sindano ya kwanza huko Marekani, seli zilizotakiwa ziliamka kwa 35. Mwaka wa 2025 yalichapishwa matokeo ya namna hiyo kutoka Kigali na Johannesburg, kwa watu 18, nao karibu wote waliitika. Seli zilizoamka zimejua alifu. Hakuna aliyewahi kuzifikisha mwisho wa juzuu, na baadhi ya waliochanjwa walitokwa na vipele vya kuwasha ambavyo vitahitaji kuelezwa sababu yake kabla maelfu hawajachomwa.

Katika mwaka uleule wa 2025 serikali ya Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya fedha za kazi hii, ilianza kuzikata, na kundi la watafiti wa Afrika lililokuwa likijitayarisha kuongoza majaribio yake lenyewe lililazimika kwenda kutafuta fedha kwa wengine. Waliozikata walikuwa na hoja, na moja ilikuwa nzito. Mwaka wa 2024 ilionekana kuwa katika wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa dawa iitwayo lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, hakuambukizwa hata mmoja. Dawa hii si chanjo, kwa kuwa haiufundishi mwili neno lolote. Hulinda maadamu imo, na baada ya miezi sita mtu hana budi kurudi. Mwenye kurudi lazima apate mahali pa kurudia, na mahali hapo pawe na dawa, na dawa iwe na mlipaji, mwaka huu na mwaka wa ishirini. Huyo anayefikiri kuwa jambo hilo ni dogo hajawahi kuishi siku nyingi mbali na barabara ya lami. Lakini dawa hiyo imeleta ugumu wa haki usioepukika: mtu wa hiari atakayeombwa kujaribu chanjo mpya hastahili kunyimwa kinga iliyokwisha kujulikana, na akipewa, maambukizo yatakuwa machache hata kuipima chanjo kutahitaji makundi makubwa mno. Mwaka wa 2024 peke yake waliambukizwa watu wapatao 1,300,000. Hao ndio ambao dawa haikuwafikia.

Damu ya waliojitolea haikumwagwa. Ya Rayong na Chon Buri ilirudiwa kusomwa miaka mitatu baada ya matokeo kutangazwa, na ndiyo iliyoonyesha ni kingamwili za namna gani zilizokwenda pamoja na ule upungufu wa watu 23. Ya majaribio yaliyoshindwa baadaye huhifadhiwa vivyo hivyo, katika majokofu ya baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, na jenereta huwekwa nje kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Ni vichupa vidogo, virefu kama kiungo cha kidole. Kila kimoja kimebandikwa namba, bila ya jina.